Karani wa Mizani, Kitangari

Miaka kumi na moja nimesoma namba
kwenye uso wa mizani ya chama,
gunia kwa gunia, Oktoba hadi Januari,
vumbi la korosho limenikaa kooni,
wakulima wananitazama mdomoni
kama watu wanaongoja hukumu.
"Sabini na tisa, nukta nne."
"Karani, soma tena."
Nasoma tena. Ni ileile.

Sijawahi kuiba hata robo kilo.
Naliandika hili kwa sababu hakuna mwingine wa kuliandika.

Msimu ukiisha, chama hakinifukuzi.
Kinaniketisha ofisini nilinde kalamu,
feni bovu, kalenda ya benki,
saa mbili hadi saa kumi,
Februari, Machi, Aprili,
nao mwisho wa mwezi unanijia kwa kuchechemea.

Sasa, udongo.
Sikuurithi. Mama aliuza vitumbua,
na bibi hakufinyanga chochote ila watu.
Mvua ilikuwa imebomoa ukingo wa njia,
nikateleza,
nikainuka na bonge jekundu mkononi,
na mkono ukakataa kuliachia.

Chungu cha kwanza kilikaa upande, kama mlevi wa uraka.
Cha pili kilipasuka motoni.
Cha tisa nilikibingirishia gunzi shingoni,
nikakisugua kwa kokoto hadi kikanirudishia mwanga wa koroboi,
kisha usiku nikakibeba hadi ghalani
(ufunguo ninao)
nikakiweka juu ya mizani.
Kilo mbili na robo.
Nikasubiri.
Nilidhani itasema na jambo jingine.

"Kinauzwaje?" akauliza Mfaume, mume wangu.
Si swali baya. Ada ya Zuhura ipo, deni la vikoba lipo.
Nikageuza stakabadhi iliyoharibika,
nikapiga hesabu mgongoni mwake:
mshahara, gawa kwa saa;
toa nauli, toa sare,
toa chai ninayokunywa nisisinzie,
toa soda ninayojipozea kwa kuwa nimeshinda nikisinzia.
Kilichobaki nikakiandika kwa herufi ndogo
asije akakiona mtu.

Akaja Bwana Ngatunga kutoka Mtwara mjini,
ana hoteli Shangani, ana viatu vya kung'aa.
Anataka arobaini kwa mwezi,
kimo kimoja, alama ileile.
Nikaona mizani nyingine inashushwa uani kwangu.
Nikamwambia: sita. Na havitafanana.
Akacheka.
Hadi leo hajarudi.

Sisemi njaa ni tamu.
Anayesema pesa si kitu
hajasimama kwenye dirisha la duka la dawa
na mtoto wa moto mgongoni.
Pesa ni kitu.
Nauliza tu: kitu gani, na kwa saa zangu ngapi?

Barua yangu ilikuwa na mistari mitatu.
Nitafanya msimu; miezi mingine, hapana.
Mwenyekiti akaisoma mara mbili.
"Somoe, nani anaacha mshahara wa kukaa?"
"Ndio huo, Mwenyekiti. Wa kukaa."

King'amuzi tumekizima.
Nyama ni Ijumaa, tena si kila Ijumaa.
Mfaume alinuna siku nne.
Ya tano nikamkuta nyuma ya nyumba na mchi,
anatwanga vigae vya kile chungu cha pili.
"Nimesikia ukichanganya na udongo mpya
chungu kinastahimili moto," akasema,
bila kunitazama.

Oktoba imerudi. Nami nimerudi.
Foleni imefika barabarani, jua halina adabu.
Mzee Likwawa anaishika stakabadhi yake mbali na macho,
anaigeuza, anaikwaruza kwa ukucha.
"Karani, huku pembeni pana wekundu.
Huu nao ni muhuri?"
"Hapana, mzee. Ni dole gumba langu."
Anaikunja, anaitia mfukoni.
"Soma tena," anasema wa nyuma yake.
Nasoma tena.