Dawa ya Siku Njema

Saa tisa usiku, Kitangiri, mawe yote yamelala
isipokuwa kifua cha Nkwimba.
Kinalia kama bawaba isiyojua mafuta,
kinabana, kinabana tena,
na mwanangu ameinama, viganja magotini,
kama mtu aliyeangusha sindano gizani.

Tulitibu kikohozi: chupa tano za dawa tamu.
Tulitibu nimonia, mara mbili, nimonia haikuwepo.
Makohozi yakapimwa, si kifua kikuu.
Jirani akaleta mchuzi wa kobe
unywewe kabla jua halijachomoza;
Nkwimba akautapika juu ya gauni langu la kanisani.

Tabibu Kokugonza hakushika kifua kwanza.
Alishika kalamu.
Kinakuja saa ngapi? Kinaondoka chenyewe?
Unapika wapi? Mkaa? Ndani?
Na sami wakipanda kutoka ziwani kama moshi,
wakaganda ukutani mkawafagia asubuhi,
siku hizo je?
Nikacheka. Nilidhani ananipigisha soga.
Nikamwambia naanika dagaa Mwaloni,
vumbi lake narudi nalo kwenye kanga,
na binti hujifunika kanga hiyohiyo.
Akaandika.

Kisha akampa kibomba chenye mshale:
Jaza kifua, puliza kama unazima moto.
Mshale ukafika mia na arobaini, ukachoka.
Akachukua chupa ya maji, hizi tunazookota,
akatoboa kitako kwa kisu cha moto,
akachomeka pampu ya bluu,
mdomo wa chupa kwenye mdomo wa mtoto:
pss. Vuta taratibu. Tena.
Tukakaa robo saa tukitazama Bugando juu ya kilima
kama abiria wanaongoja kivuko.
Puliza.
Mia mbili na kumi.
"Hii ni pumu," akasema,
kama mtu anayesema leo ni Jumanne.

Bluu ya kufungua. Kahawia ya kuzuia,
asubuhi na jioni, kisha asukutue,
hata akiwa anaruka kamba,
hata majirani wakisema amepona.
Hapo ndipo nilipokwama.
Dawa ya siku njema! Nani kwetu
aliwahi kutumia dawa huku anacheka?

"Katika ukoo, nani alikuwa hivi?"
Nikafungua mdomo niseme hakuna.
Baba akaingia mle chumbani,
baba aliyelala ameketi miaka yote,
mto mgongoni, dirisha wazi masika na kiangazi,
aliyekufa ameketi.
Tulisema karogwa.
Tulisema ni Holo, dada yake wa tumbo moja,
si mnaona macho yalivyo mekundu?
Ya moshi. Macho ya mpishi.
Tukabomoa jiko lake
naye akavuka maji na sufuria moja.

Siku hizi Nkwimba analala chali.
Kimya chake kinanitisha, naamka kukisikiliza.

Jumamosi nikapanda meli ya Nansio,
pampu ya bluu kwenye pindo la kanga.
Maneno niliyoyapanga yaliisha kabla ya gati.
Holo alikuwa anamenya mihogo.
Hakuniuliza habari za nyumbani.
Nikamwonyesha. Nikaeleza, vibaya, nikirudiarudia:
mirija inavimba, shangazi, inabana,
halafu hii inaifungua.
Akaipokea, akaigeuza, akainusa.
Akaibonyeza mara moja hewani,
pss,
akautazama ule ukungu ukipotea juu ya maganda.

"Ni shilingi ngapi?"

Nikamtajia.

Akarudia ile bei polepole,
akashika kisu, akachukua muhogo mwingine.