Yule Mmoja

Saa nane za usiku, darasa la nne, Shule ya Msingi Mudasia,
msimamizi akainua karatasi ya mwisho kwenye taa ya sola
kama anayetafuta jiwe ndani ya maharagwe.
Kengele, mia mbili sitini na tatu.
Daraja, mia moja thelathini na tisa.
Mgombea huru, yule wa baiskeli, tano.
Zilizoharibika, nne.
Gorogoro –
akakohoa, si kwa dharau, ni vumbi la chaki –
Gorogoro, moja.

Hata kura zilizoharibika zilitushinda.
Wakala wa Kengele akanipa kalamu yake nitie sahihi:
"Ndugu, angalau wewe hukujisahau."
Nikacheka. Nikatia sahihi.
Mkono ulikuwa mzito kama jembe lenye tope.

Chama chetu kilizaliwa nyuma ya duka la mahindi, Chavakali,
siku Truphosa Mmbone alipochoshwa
na mikebe iliyobonyezwa kitako
inayokula robo kilo ya kila mjane.
"Kipimo kimoja," alisema, "sokoni na kwenye kaunti."
Hatukuwa na fulana, wala gari la vipaza sauti.
Tulikuwa na mkebe uliochorwa kwa makaa kwenye magunia
na wanachama kumi na wawili,
watatu wao hawajatimiza umri wa kura.

Wadi nzima alipata sitini na moja.
Lakini ni ile moja ya Mudasia iliyotangulia umande.
Kisia, fundi wa pikipiki, alifika wa kwanza dukani,
grisi mpaka kiwikoni: "Mama, ile ni yangu."
Akashukuriwa. Akamiminiwa chai.
Chai haijapoa, Imali wa omena huyo:
"Usisikilize watu. Ile ni mimi."
Kisha Mzee Chanzu wa Kanisa la Marafiki,
asiyeapa hata mahakamani;
naye hakuapa, alisema tu, akiitazama kofia yake.
Kufikia saa sita yule mmoja alikuwa watu tisa
na birika la pili lilikuwa mekoni.

Nao wote, wakipuliza vikombe, walinikonyeza mimi.
Nani mwingine? Si ni wakala?

Mimi peke yangu nilijua kwamba si mimi.
Usiku wa kuamkia kura
mtu alibisha hodi na mfuko wa mbolea begani.
Hakuomba kitu. Aliutua mlangoni, akauliza hali ya ng'ombe.
Na kesho yake, mle ndani ya kibanda cha kadibodi,
kalamu yangu ilizunguka Gorogoro
kama kuku anayetafuta pa kutagia,
halafu ikaenda kutagia kwa jirani.
Alama moja tu. Haikutoa hata sauti.

Basi yupo mtu.
Kati ya watu mia nne kumi na wawili, yupo,
na huenda hata hakuja kunywa chai.

Alhamisi nilienda kununua mahindi, pesa mkononi,
kwa sababu mwezi wa tano alinikopesha gorogoro sita
na mpaka leo hajazitaja.
Alijaza, akapitisha ubao,
mfuto, sawasawa na ukingo, kama anavyompimia kila mtu.
Kisha akachota konzi moja, akaiongeza juu.
"Na hii?"
"Ya yule mmoja," alisema, akinifungia mfuko.
"Ukimwona, mpe."

Sikumtazama usoni. Nilihesabu chenji mara tatu.

Ile konzi nimeitenga kwenye kikombe, juu ya kabati.
Mfuko wa mbolea ungali mlangoni, haujafunguliwa,
na mke wangu ameshauliza mara mbili
kama yale mahindi ni mbegu.