Chale ya Wete

Tangi lilianza kutoa jasho msimu wa karafuu,
tone, kisha tone,
hata kuku wakaacha kulala chini ya gari.
Nikaziba kwa sabuni ya mche,
nikaziba kwa gundi,
kutu ikanifungulia tundu jingine pembeni.
Chumvi ya Makangale haina haraka, yakhe,
ila haisahau chuma.

Fundi Chumu akalala chali juu ya gunia,
akagonga kwa kucha: ngo, ngo, kisha pwa.
"Hili si tangi tena, Mize. Hili chujio."

Lingine tulilipata Unguja,
limeng'olewa kwenye Landrova iliyokufa na injini yake nzima.
Likaja na meli hadi Mkoani, limeshonewa kiroba
kama mgonjwa anayerudishwa kwao.
Ndani lilikuwa na kutu ya watu wengine.
Tukatia changarawe, sabuni ya unga, maji ndoo mbili,
watoto wa chuoni wakalibiringisha
toka msikitini mpaka dukani kwa Asaa, na kurudi,
Konde nzima ikajua kuna jambo.

Bolti za tangi la zamani zilikuwa nne.
Mbili zilikubali mafuta ya taa.
Moja ilikubali nyundo.
Ya nne tuliikata kwa msumeno wa mkono, saa nzima,
Chumu akiitukana kwa adabu
maana mama alikuwa uani, anachambua makonyo.

Likashuka. Tukalipasua tuuone ugonjwa.
Katika tope jeusi palikuwa na kipande cha kijiti,
urefu wa kidole, kimekatwa chale moja.

Geji ya gari hili husema nusu.
Mlimani nusu, likizima njiani nusu.
Baba, Faki Shaame, hakugombana nayo,
alichonga kijiti cha mkarafuu, akakitia chale tatu:
ya chini Wete,
ya kati Chake,
ya juu Mkoani, kwenda na kurudi.
Anainua kiti, anafungua kifuniko, anatumbukiza, anatoa,
ananusa (ya kunusa sijui ilikuwa ya nini),
kisha anajua aseme ndiyo au aseme kesho.

Usiku wa uchungu wangu, mama kalazwa nyuma juu ya jamvi,
kijiti kilimkatikia mkononi.
Ndivyo alivyosema yeye.
Geji ikasema nusu, naye, mara moja tu maishani, akaiamini.
Nilizaliwa Finya, kando ya barabara,
dizeli imekwisha, taa ya kandili mdomoni mwa baba.
Na mama kwa miaka thelathini na moja:
"Kijiti gani? Mzembe tu yule."
Alisema hivyo hata siku ya hitima, akilia.

Nikampelekea uani.
Akakifuta kwa pindo la kanga, akaipapasa chale kwa kidole gumba.
Akakinusa.
"Kumbe," akasema.
Akarudi kwenye makonyo yake.
Kijiti sikurudishiwa.

Tangi jipya halikukutana na matundu, lilipungua vidole viwili.
Chumu akakata chuma cha kitanda kibovu, akakitoboa, akakipinda,
akakata mpira wa tyubu ya baiskeli uwe kitako cha geji.
Jeki ikapanda. Mimi nikasukuma kwa magoti.
Paipu ya kwenda, paipu ya kurudi, ya kupumulia.
Halafu kutoa upepo: nimelegeza skrubu ya filta,
kidole kinapiga pampu, kinapiga,
linatoka povu, povu, mate,
mpaka uzi mmoja wa dizeli usiokatika.

Likawaka mara ya tatu, likakohoa moshi hadi jikoni kwa jirani.
Mshale wa geji ukainuka, ukakaa robo.
"Hiyo kweli," Chumu akasema. "Huhitaji vijiti tena."
Nikautazama mshale ule
kama mgeni anayeapa kabla hajaulizwa.

Kisha nikachukua kisu, nikaenda kwenye mkarafuu.
Tangi hili lina kina zaidi.
Wete yake sijui bado iko wapi.