Mizani Nne

Aprili, Oscoda. Theluji imebaki kandokando ya gereji
kama povu la sabuni lililosahauliwa kusuuzwa.
Tumeishusha Mazda juu ya mizani nne,
kila gurudumu na yake, nyaya zikikutana kwenye kisanduku
chenye tarakimu nyekundu, zinazotetema kabla ya kutulia.

Nusu tangi ya petroli. Presha ishirini na tisa mbele,
ishirini na saba nyuma.
Verlyn hupenda mkia mwepesi, uitike usukani
kabla hajamaliza kuukata; mimi nataka gari linalosubiri.
Gari moja, madereva wawili: kila springi ni suluhu
ya ugomvi tulioanza mwaka juzi
na hatuna nia ya kuumaliza.

Kwa kawaida chumvi hukaa kitini badala yake,
mifuko mitano na nusu, ile ya mashine ya kulainisha maji,
naye husimama pembeni akinung'unika kwamba tumemgeuza bidhaa.
Leo akasema, Acha, nitakaa mwenyewe.
Akajikunja, akaingia, akaushika usukani,
akaukazia macho ukuta
kana kwamba ukuta ungewaka taa ya kijani.

Nikasoma. Nikasoma tena.
Daftari la Oktoba, mwandiko wangu, namba zilezile,
ila upande wa kushoto.
Pungufu pauni arobaini na moja.
Nikapuliza vumbi, nikarudisha sufuri, nikatikisa waya,
nikamwambia, Baridi imeharibu mizani.

Baba yangu alikuwa na duka Tabora. Wateja
walitazama dole gumba lake, si mshale.
Nilidhani nimekuja mbali vya kutosha
nisiwe tena yule mtoto wa nyuma ya kaunta,
ratili mkononi, akiombwa aone vibaya kidogo.

"Mizani haiumwi," akasema Verlyn, bado na ukuta wake.
"Andika."

Bandu, bandu. Koti la baridi
lilikuwa limeficha kazi yote ya shoka.

Nikaandika. Nikalala chali chini ya gari,
nikazungusha kola ya springi ya nyuma kushoto,
uzi mmoja, robo, uzi mwingine,
grisi ikinidondokea kwenye kope.
Kisha shokapu: nikafunga hadi mwisho,
nikarudisha nikihesabu kwa sauti,
tik, tik, tik, mpaka saba.
Mwaka jana ilikuwa tano.
Mwili mwepesi hautaki kubanwa sana.
Hakuniuliza kitu.

Jumapili moja ya Mei, njia ya ndege za kivita iliyostaafu,
misonobari pande zote, upepo wa ziwa ukipenya fulana.
Nilikuwa kituo cha tatu. Hapa ukishaendesha
unakwenda kuokota koni za wenzio.
Nilimsikia kabla sijamwona, gia ya pili ikilia hadi ncha.
Akaingia kwenye msururu wa koni sita, akazishona.
Mkia ukatoka, kidogo, ukarudi wenyewe;
na ile chaki niliyopaka asubuhi kwenye bega la tairi
ikafutika mpaka pale nilipotaka, si zaidi.
Gari lilikuwa na vina.
Nilipiga kelele peke yangu kwenye lami, mtu mzima.

Halafu lango la mwisho, koni ya kulia. Aliigusa.
Haikuanguka. Iliyumba, ikazunguka, ikasimama
kando ya mraba wake wa chokaa.
Nikakimbia, nikachuchumaa.
Kati ya kitako na mstari, lami nyeusi,
upana wa ukucha.

Mwenzangu wa kituo alikuwa anafunga kamba ya kiatu.
Nikairudisha koni mahali pake, nikabonyeza redio:
"Kituo cha tatu. Koni moja."
Sekunde mbili juu ya mzunguko
ambao, baadaye nilikuja kujua,
ungekuwa bora kuliko yote aliyowahi kuendesha.

Mchana tulikula sandwichi juu ya boneti iliyokuwa bado ya moto.
Yake hakuimaliza. Akaifunga kwenye karatasi taratibu,
kona kwa kona, akaiweka mfukoni.
"Nyuma ni saba?"
"Saba."
Akatazama misonobari.
"Weka nane."