Kipimo cha Kifua

Miaka ishirini na sita nimepima vifua Kibuye,
futi shingoni, kalamu sikioni, pini mdomoni.
Thelathini na nne. Arubaini. Arubaini na mbili na pumzi.
Nimeshona sare za kwaya, magauni ya matanga,
nikijua bila kuuliza nani ananyonyesha
na nani ameacha.
Changu sikuwahi kukipima.
Fundi huvaa kilichobaki.

Kilianza kama kifungo
kilichopotelea ndani ya bitana:
kidogo, kigumu, nyuma ya chuchu ya kushoto,
hakiumi, hakisemi.
Nikasema ni cherehani, nimeiinamia mno.
Nikasema ni ile pembe ya meza.
Chuchu ikarudi ndani kama konokono,
na vesti yangu nyeupe ikapata doa
dogo, kama tone la chai.
Nikaifua mwenyewe, usiku, Peres amelala.

Tangu lini mwanamume akaugua titi?
Swali hilo nililiuliza mwaka mzima
nikidhani ni jibu.

Hospitali ya Rasha, benchi la tatu,
wanawake kumi na wanane na mimi.
Muuguzi akatoka na faili: "Mama Othim?"
Nikatazama viatu vyangu.
"Mama Othim... Zablon?"
Nikainuka. Kicheko kikapita benchini,
kikamfikia bibi mmoja wa Ahero, kikafia hapo.
"Nenda, mwanangu," akasema,
akinitoa uzi begani.

Fomu iliuliza: hedhi ya mwisho lini?
Umenyonyesha watoto wangapi?
Daktari kijana akapiga mstari, akapiga mwingine,
karatasi ikawa kama kitambaa kilichotiwa chaki.
Kisha akauliza jambo ambalo karatasi haikulijua:
"Kwenu, nani mwingine?"
Nikamtaja Dorka, dada yangu,
tuliyemzika Seme tukisema amerogwa.

Lugha hii ina utani wake.
Ziwa ni yale maji pale chini, yenye magugu,
na ziwa ni hili la kifuani.
Nimeishi Kisumu maisha yangu yote
nikiosha baiskeli kando ya moja
nisijue kwamba la pili ninalo.
Walipolitoa ndipo nikaamini.

Sasa nina mshono wa inchi saba.
Si mbaya. Mimi ningeukaza zaidi pale kwapani.
Vidonge vinanipandisha joto shingoni
saa nane za usiku, nanyanyuka kufungua dirisha,
na Peres gizani anasema:
"Basi tumekoma pamoja, mzee."
Tukacheka hadi jirani akagonga ukuta.
Hatukuwa tumecheka tangu Machi.

Vipande vinavyobaki mezani sivitupi tena.
Navikata duara, natia pamba
na konzi ya mtama, viwe na uzito.
Bibi wa Ahero alichukua cha kwanza,
akakipima kiganjani kama anayenunua nyanya.
"Na wewe je, hujishonei?"
Nikamwonyesha mfuko wa shati langu,
wa kushoto, mpana kuliko desturi:
kalamu, chaki, kadi ya kliniki.

Leo jioni amekuja Apondi, binti yangu,
anataka gauni la mahafali, la kijani, lisilobana.
Nimemzungushia futi. Thelathini na tano.
Nimeandika. Futi sijaiondoa.
Nje wanafunga vibanda, mabati yanalia.
"Baba, umemaliza?"

Nilizika ndugu kwa kunyamaza.
Nilifua vesti kwa kunyamaza.
Keti kwanza, mama.
Kuna kipimo kingine.