Karani wa Magunia

Miaka thelathini na mmoja nilihesabu magunia
bandarini, kalamu sikioni:
ya kahawa, ya sukari, ya mbolea iendayo bara.
Gunia kwangu lilikuwa alama kwenye karatasi.
Sikuwahi kujaza hata moja.

Sasa nimepiga magoti nyuma ya zahanati, Majengo,
pale palipokuwa jaa,
na Kadzo, rika la mjukuu wangu wa pili,
ananifunza gunia ni nini.

"Mzee Shali, kopo lisilo kitako likae katikati.
Kokoto ndani yake, udongo pembeni.
Halafu livute juu, taratibu,
kama unayemvua fulana mtoto aliyelala."

Nikavuta kwa pupa. Kokoto zikamwagika zote.
"Tuanze tena, karani."

Udongo wa kisiwa hiki si udongo, ni tumbawe lililochoka.
Tunauchanganya na makumbi ya madafu ya Nyevu,
matumbo ya samaki kutoka Kongowea,
na samadi ya mbuzi wa Fumo
ambaye hata hiyo hatoi bure.
Harufu ilituletea malalamiko mawili
na paka kumi na wanne.

Mwezi wa kwanza miche yangu ilikufa.
Mchicha wa Mutheu ulisimama, sukuma ya Shebe ikasimama,
yangu ikaungua kingo, ikajikunja
kama karatasi iliyosogezwa karibu na mshumaa.
Nililaumu jua. Nikalaumu mbegu
na mama wa aliyeniuzia mbegu.
Kadzo akachovya kidole ndooni mwangu, akaramba.
"Kisima cha nani hiki?"
Chetu, nikasema, na kifua nimekitoa. Tangu babu yangu.
"Basi unainywesha bahari."

Nikanuna. Maji matamu ni ya kununua kwa mtungi,
msukuma mkokoteni hana huruma,
na pensheni ina miguu.
"Nani kasema ununue?
Kwako hampiki wali?
Maji ya kuoshea mchele huenda wapi?"

Hapo ulimi ulinilala.

Batuli, Mungu amrehemu,
alikuwa na makopo ya samli ngazini,
ya mrehani, ya mnanaa, ya pilipili kali.
Kila adhuhuri alishuka na sufuria ameiinamisha,
maji meupe kama jicho lenye mtoto wa jicho,
akayagawa: kopo hili funda, kopo lile tone,
huku akisema nayo maneno ambayo sikuyasikiliza.
Nami niliyaruka yale makopo nikiwahi zamu,
suruali nimeipandisha
nisichafuke.

Yalikuwa kumi na moja.
Idadi naijua kwa kuwa niliyahesabu
siku ya tatu baada ya hitima, nilipoyatupa.
Yalikuwa yamekauka, nani angeyanywesha?
Na jaa lilikuwa karibu.

Tangu siku ile mkwe wangu ananishangaa:
mzee anasimama jikoni na ndoo
mchele unaposhwa, kama mwombaji wa Ijumaa.
Mpe, anasema mwanangu, mpe tu.

Leo tukichimba kona ya mwisho
Shebe akaibua kopo.
Kutu imekula kitako, imekula na jina la samli.
Makopo kama hayo mji mzima umejaa,
sitasema zaidi ya hilo.

Kadzo akaligonga mchanga, akachungulia upande huu
akaniona upande wa pili.
"Hili zuri. Gunia la saba, karani. Lako."

Nikalisimamisha katikati.
Nikajaza kokoto, moja moja, bila kuzihesabu.
Udongo pembeni, mkono wazi, kama anavyotaka.
Nikavuta.
Nikavuta taratibu, hata kutu ikaniachia rangi viganjani,
na mawe yakabaki yamesimama
ndani ya udongo, peke yao.

Nikainua uso nimwonyeshe.
Kadzo alishakwenda kwa Mutheu,
anamgombeza kuhusu vidukari.