Ramani ya Kuazima

Tovuti ya parachichi za mama, Tukuyu,
niliijenga usiku, mvua ikipiga bati.
Ramani nimeazima kwa watu nisiowajua,
malipo kwa wengine,
kihesabu wageni kwa wengine tena:
nakili, bandika, tayari.

Leo ukungu umeshuka hadi kizingitini,
mtandao unachechemea.
Ukurasa mweupe, unamsubiri
kila mwenye chombo aamke huko aliko.
"Subilaga, mbona sioni kitu?"
Nguo ya kuazima, mama. Sisemi.
Nafuta kihesabu. Nafuta ramani.

Inabaki namba yake,
niliyoiandika kwa mkono wangu.
Adhuhuri inaita mfukoni mwa sweta:
"Ukifika Kyimo, shuka.
Nyumba yenye mkokoteni uliovunjika.
Mbwa hang'ati."